Friza Ikifa Ijumaa, Bei Hupanda Jumamosi

Najua wengi mnasubiri muendelezo wa yule bwana wa Sinza aliyekuwa na wachumba watatu kwenye mtaa mmoja. Naomba mniwie radhi, huyo tutammalizia wiki ijayo, hakimbii. Leo nina jambo limenikaa rohoni, nalo linahusu friza, fundi, Kariakoo na mimi mwenyewe ninayejifanya kila wiki kuwafundisha watu mambo ya mjini.

Ndiyo, msomaji wangu, umesikia vizuri. Mwandishi wako niliingizwa mjini. Tena mchana kweupe, nikiwa nimevaa miwani ya jua na pochi nimeibana kwapani kama mtu anayejua anachokifanya!

Basi bwana. Pale nyumbani kwetu Mwananyamala bi mkubwa ana friza ya kufungua kwa juu, miaka tisa sasa iko ukumbini. Friza yenyewe haikuwekwa pale kwa ajili ya mapambo. Anagandisha barafu za ukwaju na za ubuyu, shilingi mia moja moja, na maji ya baridi ya wapiti njia. Siku nzuri, shule zikiwa zimefunguliwa, anamaliza barafu mia na hamsini kabla ya adhuhuri. Friza hiyo ndiyo ilininunulia mimi sare na madaftari mpaka nikamaliza kidato cha nne. Na ndiyo hiyo hiyo iliyokuwa inamwekea mdogo wangu hela ya kwenda kuanza kidato cha tano Songea: godoro, tranka, nauli, na yale makorokoro yote wanayoandika kwenye fomu ya kujiunga. Hela ilikaa kwenye kopo la maziwa ya unga, jumla laki sita na arobaini, na pale nyumbani hata panya walijua kopo lile haliguswi.

Ijumaa moja, mwishoni mwa mwezi wa tano mwaka jana, saa kumi na mbili asubuhi, bi mkubwa akafungua mfuniko. Akakuta maji. Barafu zote zimelegea! Taa ya friza inawaka, umeme upo, lakini mashine yenyewe inafanya "tik", inaunguruma kama mtu anayetaka kuamka akashindwa, kisha kimya. Zikipita dakika chache, "tik" tena. Watoto wa mtaa mzima siku ile walikula barafu za bure, na wengine wakamuombea bi mkubwa friza iharibike kila Ijumaa.

Tukamwita fundi. Kijana wa rika langu, yuko hapo mitaa ya jirani, mpole, ana heshima zake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hebu nitazamie huyu mgonjwa wangu."

Akaivuta friza, akachungulia nyuma, akaweka mkono juu ya kompresa, akautoa haraka kama aliyeshika sufuria. Akasikiliza ile "tik". Hakufungua kitu, hakutoa kipimo chochote. Akatingisha kichwa kama daktari kwenye filamu za Kinaijeria.

"Dada, hapa kompresa imekufa."

Akanipigia hesabu palepale, mdomoni. Kompresa laki mbili na nusu. Gesi elfu sabini. Ufundi elfu hamsini. Jumla laki tatu na sabini. Halafu akamalizia na lile neno lililonikamata: "Sasa laki tatu na sabini yote hiyo uimwage kwenye maiti? Si bora uongeze kidogo uchukue mpya? Kuna mtu wangu Kariakoo, mwambie nimekutuma mimi, atakufanyia bei ya nyumbani. Na hili bovu nitawasaidia kuliondoa, nitampa mama elfu arobaini."

Ebu niambie, wewe ungefanyaje? Mimi niliona kijana wa watu kanionea huruma. Bi mkubwa hakusema kitu. Alifuta maji sakafuni, akakamua tambara, akaniambia neno moja tu: "Nenda kaulize bei. Kuuliza tu. Usilipe."

Jumamosi asubuhi huyoo, mimi na Kariakoo. Hata sijafika kwenye duka nililoelekezwa, mkono ukanishika kiwiko. "Dada friza? Friji? Tivii? Twende nikupeleke, mimi sikuuzii, mimi nakusaidia tu." Kwa wasomaji wa mikoani, huyu ndiye anayeitwa winga. Hana duka, lakini maduka yote ni yake. Akikupeleka ukanunua, bei unayotajiwa ina kitu cha winga ndani yake, kile tunachokiita cha juu. Muuzaji anachukua chake, winga anachukua cha juu, na wewe unaondoka ukimshukuru winga kwa msaada.

Kwanza akanipeleka kwenye mitumba. Friza limepulizwa rangi mpya linang'aa kama bibi harusi, laki nne na nusu. "Hili limetoka Ulaya dada, alikuwa nalo bibi mmoja wa Kizungu anakaa peke yake, alikuwa anaweka samaki mmoja tu." Nikacheka, na nikajiona mjanja kwa kulikataa. Kumbe hiyo ndiyo kazi ya lile friza! Linakufanya ujione umeshinda raundi ya kwanza, ili ukifika raundi ya pili uwe umeshalegea.

Raundi ya pili ilikuwa duka kubwa la vitu vipya, feni linapuliza, soda ya bure. Friza ya saizi kama yetu. Muuzaji akataja laki tisa na nusu, akaniangalia usoni, akasema kabla sijafungua mdomo: "Lakini wewe umeletwa na mtu wetu. Laki nane na sitini. Ila bei hiyo mwisho leo saa kumi na moja, mzigo unaokuja Jumatatu umepanda."

Nikamwambia sina hela yote. Wala hakushtuka. "Tuna mpango wa kidogokidogo. Unaanza na laki mbili, halafu elfu tatu tu kwa siku, siku mia tatu, unalipia kwa simu." Elfu tatu tu! Nikajisemea si hela ya vocha na chipsi hiyo? Somo la hesabu nilipata D, nisiwafiche, na siku ile hata hiyo D ilinikimbia.

Nikauliza habari ya risiti. "Bei hii ni ya bila risiti dada. Ukitaka ya mashine tutaongeza kidogo, si unajua kodi." Na mimi, na elimu yangu, nikaitikia kwa kichwa kama ninayejua!

Sasa sikiliza kioja. Sikuwa na kopo la bi mkubwa mkononi, lakini nilikuwa na elfu hamsini zangu mwenyewe, malipo ya makala mbili za gazeti hili. Saa ya ukutani ilikuwa inakwenda saa kumi na moja. Winga amesimama mlangoni. Muuzaji ameshika kalamu. Nikaona nikiondoka pale nimempotezea mama yangu tisini elfu. Nikatoa elfu hamsini, kishika uchumba, wazuie friza mpaka Jumatatu. Nikapewa kikaratasi kimeandikwa kwa mkono: jina langu, "50,000", na saini inayofanana na mnyoo.

Nikarudi nyumbani kifua mbele. Nafika mlangoni, nasikia mlio. Friza inaunguruma. Lile lile bovu, lile maiti, linaunguruma kwa raha zake, na ukuta wa ndani umeanza kushika umande!

Kumbe nilipotoka tu, bi mkubwa alimtuma mdogo wangu Tandale kumwita mzee mmoja aliyekuwa akitengeneza majokofu ya mabucha tangu sisi hatujazaliwa. Tumwite Babu. Alipoingia, kabla hajagusa kitu, akasema: "Kupima ni elfu kumi. Nikikuta nzima utanilipa elfu kumi, nikikuta imekufa utanilipa elfu kumi." Bi mkubwa akampa palepale.

Babu akachomoa waya ukutani, akafungua kile kifuniko kidogo pembeni ya kompresa, akatoa kidude cheusi kinachoweza kukaa kwenye kiganja. Hiyo ndiyo rilei, kazi yake ni kuisukuma kompresa iamke. Akaitingisha karibu na sikio la bi mkubwa. Ikalia kama njugu kwenye kopo. "Haitakiwi kulia hii," akasema. "Imevunjika ndani." Kisha akachukua mita akapima pini tatu za kompresa. Mimi sikuwepo, lakini nilimbana baadaye anieleze, na sasa nakueleza wewe. Unapima kati ya kila pini mbili, unapata namba tatu. Zile mbili ndogo ukizijumlisha zinatakiwa zitoe ile kubwa. Halafu unapima kila pini na mwili wa kompresa: hapo mita isisome kitu. Zikikubali, waya za ndani ya kompresa ni nzima, na kabla ya kumzika mtu unajaribu kwanza rilei. Kompresa yetu ilikubali yote. Ule moto uliomuunguza yule kijana ni kwa sababu ilikuwa inahangaika kuamka bila wa kuisukuma.

Rilei elfu kumi na mbili. Ufundi elfu kumi. Kupima elfu kumi. Jumla elfu thelathini na mbili. Nilikaa kwenye ndoo nikaiangalia ile friza mpaka bi mkubwa akaniuliza kama naumwa.

Jumatatu nikarudi Kariakoo kudai elfu hamsini yangu. Yule muuzaji wa soda ya bure sasa hata kiti hakunipa. "Hela ya kishika uchumba haitoki dada. Chagua kitu cha bei hiyo." Nikalalama, nikatoa kile kikaratasi. Akakisoma kama anayesoma barua ya mtu mwingine. Hakina jina la duka, hakina muhuri, hakina chochote. Mwisho nikachukua kilinda friji, kile kidude cha kukinga umeme ukiruka. Natoka nje nakiona duka la pili kinauzwa elfu ishirini na tano. Mpaka leo kiko ukutani, kinafanya kazi vizuri sana, nacho ndicho kilinda friji ghali kuliko vyote Mwananyamala.

Siku chache baadaye yule fundi kijana akapita nyumbani kununua barafu. Bi mkubwa akamuuzia kama kawaida, mia yake akaipokea. Mimi ndiye niliyeshindwa kuvumilia.

"Kaka, kwa nini ulituambia kompresa imekufa?"

Akanyonya barafu yake kwanza. Hakukasirika. "Dada, nikuambie kweli? Nikisema rilei, unanilipa elfu kumi, halafu unanung'unika kwamba kidude kidogo vile nimekuibia. Nikisema kompresa, unanishukuru. Dukani napata elfu sitini yangu, na hilo bovu nalitengeneza kwa rilei nauza laki mbili. Wewe ungekuwa mimi ungesemaje?"

Msomaji wangu, nilitafuta jibu nikakosa. Kwa sababu ni kweli. Kuangalia tu hatutaki kulipia. Fundi akipima nusu saa akakwambia "hapa ni waya tu umelegea", tunamwambia asante kaka, Mungu akubariki. Baraka haziliwi! Basi anatafuta mlo wake pale ulipo, na uko kwenye kukuuzia kipya. Si kwamba mafundi wote ni wezi. Ila ukiwa daktari ni yuleyule mwenye duka la majeneza, usitegemee wagonjwa wengi wapone.

Bi mkubwa alikuwa anasikiliza. Akamwambia: "Mwanangu, kuanzia leo ukija kwangu kupima, nitakulipa kupima. Useme ukweli, hela yako iko palepale." Na tangu siku hiyo yule kijana akija anatoa mita yake kwanza. Mara ya mwisho alibadili raba ya mfuniko iliyokuwa inapitisha hewa.

Sasa usifikiri hadithi imeishia kwenye friza la miujiza. Babu alituambia wazi: hilo limezeeka, rilei imewapa muda tu. Na muda ndio tuliokuwa tunauhitaji. Mwezi wa saba mdogo wangu akaenda Songea na godoro lake na tranka lake, kopo halikuibiwa na mtu. Bi mkubwa akaanza kopo jipya la friza. Ilipofika mwezi wa kumi tukaenda kununua, na safari hii friza ya nyumbani ilikuwa nzima, inagandisha, hatuna presha na mtu.

Hapo ndipo nilipoona tofauti. Nilikuwa na namba ya modeli nimeiandika kwenye daftari, ile ile ya laki nane na sitini. Winga alipokuja kunishika kiwiko nikamwambia nimeshanunua, nakwenda kuchukua. Nikaingia maduka matatu peke yangu, nikauliza bei, nikaandika, nikatoka. La kwanza laki saba na tisini. La pili laki saba na arobaini na tano, usafiri juu yako. La tatu laki saba na sitini, wanaleta mpaka mlangoni. Nikamtuma na rafiki yangu akaulize pale pale kwenye duka la soda, akiwa peke yake: laki saba na tisini. Sasa chukua laki nane na sitini utoe hapo. Elfu sabini yote ilikuwa ya winga na ya yule "mtu wangu". Na kuhusu ule mzigo wa Jumatatu uliopanda, miezi minne imepita na bei imeshuka! Ilikuwa haijapanda kitu. Kilichopanda ni haraka yangu.

Tulichukua ya laki saba na sitini. Na lile kuukuu, lililotakiwa na fundi kwa elfu arobaini, bi mkubwa alimuuzia mama muuza kuku kwa laki moja na themanini, akamwambia kila kitu: miaka yake, rilei mpya, raba mpya. Yule mama akalipa kwa roho safi, na anaendelea nalo.

Basi kabla sijafunga, niwape yale niliyoyalipia elfu hamsini, nyinyi nawapa bure.

Kwanza, isikilize friza kabla ya kumsikiliza fundi. Ikifanya "tik" na kuunguruma kisha kunyamaza, uliza habari ya rilei. Ikiwa kimya kabisa na taa inawaka, muulize kuhusu thamostati. Ikiwa inafanya kazi mfululizo lakini haigandishi, huenda gesi imevuja, na hapo mwambie akuonyeshe inapovuja kabla ya kujaza, la sivyo utajaza tena baada ya miezi miwili. Anayekwambia kitu kimekufa akuonyeshe maiti.

Pili, lipia kupima, na anayepima asiwe ndiye anayekutafutia kipya. Ukiambiwa "imekufa", tafuta wa pili wa kuthibitisha.

Tatu, mpango wa kidogokidogo upigie hesabu kwa karatasi. Laki mbili, na elfu tatu mara siku mia tatu ni laki tisa. Jumla milioni moja na laki moja kwa friza ya laki nane na sitini! Laki mbili na arobaini zimekwenda kununua uvumilivu wao. Siwakatazi, maana kuna ambaye bila mpango huo hapati kabisa, na biashara yake italipa. Lakini uliza bei ya mwisho ya jumla, usiulize ya kwa siku.

Nne, mtumba mzungushe uone mgongo wake. Kuna kibandiko kinachosema jina la gesi. Ukikuta R12, mwachie bibi wa Kizungu na samaki wake. Gesi hiyo ilipigwa marufuku kwa kuharibu ozoni kupitia Mkataba wa Montreal wa mwaka 1987. Nchi tajiri ziliacha kuitengeneza kufikia mwaka 1996, nchi zetu mwaka 2010. Maana yake friza hilo ni babu yako. Ukikuta kibandiko kimekwanguliwa, hilo nalo ni jibu.

Tano, bei ya friza haiishii dukani, inaendelea kwenye LUKU. Kwetu umeme wa elfu kumi unatoa uniti 28. Friza kuukuu likila uniti moja na nusu zaidi kwa siku kuliko jipya, hizo ni uniti 45 kwa mwezi, kama elfu kumi na sita. Kwa mwaka inakaribia laki mbili. Ukitaka kujua lako linakula kiasi gani, zima vingine vyote, andika uniti za mita, subiri masaa ishirini na nne, andika tena. Hakuna fundi wala winga anayeweza kukubishia hapo.

Sita, risiti ya mashine si bidhaa ya kuongezewa bei. Muuzaji anatakiwa kisheria kukupa. Hiyo risiti, na kadi ya waranti yenye muhuri wa duka na namba ya friza yenyewe, ndiyo sauti yako siku likigoma, iwe kwa muuzaji au ukilazimika kwenda Tume ya Ushindani. Kikaratasi chenye saini ya mnyoo hakina sauti. Na ukitoa kishika uchumba, kiandikwe kama kinarudi au hakirudi.

Saba, kilinda friji ni kitu cha maana, umeme ukikatika na kurudi ghafla kinaichelewesha friza kuwaka mpaka mambo yatulie. Nunua. Ila uliza bei duka la pili, msifanye kama mimi! Na friza likiletwa, hasa kama lililazwa kwenye kirikuu, liache limesimama masaa kadhaa kabla ya kuwasha, mafuta ya kompresa yarudi chini.

Ukisahau yote hayo, kumbuka hili moja: kabla ya kununua kitu kipya, nunua muda. Tengeneza la zamani lisogeze wiki, weka barafu kwa jirani, azima kipoozeo, fanya lolote. Wanaouza wanajua kwamba mtu ambaye friza lake limekufa Ijumaa atalipa chochote Jumamosi. Wewe nenda Jumatano, umeshiba, huna shida, uone watakavyokubembeleza.

Bi mkubwa hakusoma sana, aliishia darasa la saba. Lakini aliniambia "kuuliza tu, usilipe", na mimi mwenye cheti nikaona nimjuze mjini. Nikimsomea makala hii jana usiku alicheka, akaniuliza gazeti wananilipa kiasi gani. Nikamtajia. Akasema bado makala moja ndiyo nitakuwa nimerudisha hela yangu.

Haya, wapenzi, wiki ijayo tukijaaliwa tunarudi Sinza kwa bwana wa wachumba watatu. Mmoja amenunuliwa friji, na yule wa pili ameshapata habari…